Mali bila daftari: Jinsi programu za simu zinavyosimamia ziara za maafisa mauzo madukani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulimlenga mwenye duka, lakini siku hizi unamhusu pia mtu anayeingia dukani humo kila wiki akiwa na mkoba begani na simu mkononi. Mtu huyo ni afisa mauzo wa kampuni inayozalisha au kusambaza bidhaa.

Huyu ndiye anayehakikisha kwamba sabuni, unga, chumvi, mafuta ya kupikia, soda na viberiti vinapatikana kwa Mangi wa mtaani huko Mbagala na Manzese jijini Dar es Salaam, au katika vioski vya Kawangware jijini Nairobi. Bidhaa ikikosekana kwa siku tatu, mteja hununua ya kampuni nyingine, na pengine asirudi tena kwenye ile ya awali.

Kwa miaka mingi kazi ya afisa huyo iliandikwa kwenye daftari na vitabu vya ankara. Jioni alirudi ofisini, akakabidhi karatasi zake, na karani akazinakili kwenye kompyuta siku iliyofuata au wiki iliyofuata. Meneja alizipokea takwimu hizo wakati hali ya dukani imekwisha kubadilika, tena hakuwa na njia ya kujua kama duka lililoandikwa lilitembelewa kweli.

Pengo hilo ndilo programu za kusimamia ziara za mauzo zinalokusudia kuliziba. Programu hizo huwekwa kwenye simu ya afisa mauzo na kuunganishwa na kompyuta ya ofisi, nazo hujibu maswali matatu: duka gani limetembelewa, hali gani imekutwa humo, na mwenye duka ameagiza nini.

Maswali hayo yanaonekana mepesi. Hata hivyo, majibu yake ndiyo yanayoamua kamisheni ya afisa, mzigo utakaotoka ghalani na fedha zitakazobaki mitaani kama deni. Programu ikitumiwa vizuri humsaidia muuzaji na mwenye duka. Ikitumiwa vibaya hugeuka kiboko, na kampuni hubaki na takwimu nyingi zisizo na ukweli.

Wazo lenye umri wa miongo

Kutumia hesabu kupanga safari za wauzaji si jambo jipya. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walichapisha nchini Marekani njia ya kupata mzunguko mfupi kuliko yote unaopita katika miji 49 ya nchi hiyo. Mwaka 1959 Dantzig na John Ramser walichapisha kazi nyingine iliyohusu kupanga safari za magari yanayosambaza petroli vituoni.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Frito-Lay ya Marekani, inayotengeneza vitafunwa, iliwapa wauzaji wake wapatao 10,000 kompyuta ndogo za kushika mkononi. Kila muuzaji aliandika mauzo ya kila duka papo hapo, na takwimu zikafika makao makuu bila kusubiri karatasi.

Kwa kampuni nyingi za Afrika Mashariki vifaa vya namna hiyo vilikuwa ghali mno. Hali ilibadilika baada ya simu za Android kuingia sokoni mwaka 2008 na bei zake kushuka miaka iliyofuata. Huduma ya M-Pesa nayo, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliwazoesha wenye maduka kuiona simu kuwa chombo cha biashara.

Kazi huanza na orodha ya maduka

Hatua ya kwanza, ambayo kampuni nyingi huipuuza, ni kuhesabu maduka. Kabla ya programu kupanga ziara yoyote ni lazima ijue kila duka lilipo, jina analotumia mwenye duka, aina ya biashara, namba ya simu na kiasi anachouza.

Mitaa mingi ya miji ya Afrika Mashariki haina anwani zinazotumika kila siku. Mtu huelekezwa kwa kuambiwa apite msikiti, avuke daraja, kisha aulize kwa mama muuza mkaa. Kwa sababu hiyo programu hutegemea alama ya mahali inayotokana na mfumo wa setilaiti wa GPS. Afisa husimama mlangoni, hubonyeza kitufe, na simu huhifadhi vipimo vya mahali hapo.

Setilaiti za mfumo huo huzunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, na simu huhitaji mawimbi ya angalau 4 kati yake ili kukadiria mahali ilipo. Hadi Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Baada ya uamuzi huo kuondolewa, usahihi uliongezeka sana, na leo simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi huweza kukosea kwa mita 5 hivi tu.

Lakini Kariakoo si anga wazi. Katikati ya maghorofa mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, na alama ya duka huweza kuangukia mtaa wa pili. Kampuni inayokataa ziara kwa sababu simu imeonekana mita 20 kutoka dukani itawaadhibu watu waaminifu. Ni busara kuweka nafasi pana zaidi katika maeneo ya namna hiyo, na kumruhusu afisa aombe alama irekebishwe.

Orodha nayo huchakaa. Maduka hufungwa, hubadilisha wenyewe au huhamia fremu ya jirani. Duka moja likiandikwa kwa majina mawili, huonekana kama wateja wawili dhaifu badala ya mteja mmoja mwenye nguvu. Kwa hiyo orodha inahitaji mtu mmoja mwenye wajibu wa kuisafisha kila mwezi.

Si kila duka linahitaji ziara kila wiki

Baada ya orodha kukamilika, hufuata swali la mara ngapi kila duka litembelewe. Hapa ndipo hesabu nyepesi huonyesha faida kubwa.

Kwa mfano, afisa mmoja amepewa maduka 240 na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Akitakiwa kulitembelea kila duka mara moja kwa wiki, atalazimika kufika katika maduka 40 kwa siku. Katika siku ya saa 8, ambazo ni dakika 480, kila duka litapata dakika 12, na ndani ya dakika hizo umo pia muda wa kutembea, kusubiri bodaboda na kusalimiana.

Katika hali hiyo afisa hana nafasi ya kuangalia stoo, kuhesabu kilichobaki wala kusikiliza malalamiko. Atachungulia dirishani, atauliza kama kuna agizo, na ataondoka.

Programu humsaidia meneja kuyagawa maduka hayo katika makundi kulingana na mauzo. Maduka 40 makubwa hutembelewa kila wiki, maduka 80 ya kati mara moja kila wiki mbili, na maduka 120 madogo mara moja kila wiki nne. Ziara za wiki zitakuwa 40, nyingine 40 na nyingine 30, yaani 110 kwa jumla badala ya 240.

Afisa huyo sasa atatembelea maduka 18 au 19 kwa siku, na kila duka litapata takriban dakika 25. Hakuna duka lililoachwa wala mfanyakazi aliyeongezwa, ila muda umehamishwa kutoka barabarani na kuwekwa pale mauzo yanapopatikana.

Mgawanyo huo una hatari yake. Duka dogo linalotembelewa mara moja kwa mwezi huweza kuishiwa bidhaa wiki ya pili na kukaa tupu hadi ziara inayofuata. Mwisho wa mwezi mauzo yake yataonekana madogo, na kompyuta itahukumu kwamba halistahili ziara zaidi, ilhali udogo huo umesababishwa na ratiba yenyewe. Ndiyo maana makundi yanapaswa kupitiwa upya mara kwa mara, na mwenye duka apewe namba ya simu ya kuagizia kati ya ziara moja na nyingine.

Njia fupi kwenye ramani, ndefu barabarani

Kupanga mfuatano wa maduka ya siku moja ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Maduka 10 yanaweza kutembelewa kwa mifuatano 3,628,800 tofauti. Yakiwa 15, mifuatano huzidi trilioni 1.3. Programu haijaribu yote. Kwa kawaida huanza na mpango wa kukadiria, kisha hubadilishana nafasi za maduka machache kila mara na kubaki na mpangilio unaofupisha safari.

Matokeo huwa mazuri iwapo umbali uliotumika ni wa barabara. Programu duni hupima kwa mstari ulionyooka, na hapo huzaa vichekesho. Kwa kipimo hicho, duka la Kigamboni liko jirani kabisa na Magogoni, kwa kuwa kati yake upo mlango mwembamba wa bandari. Afisa anayetumwa huko atapaswa kusubiri pantoni au kuzungukia Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Mjini Mombasa hali ni hiyohiyo kwa duka lililoko Likoni na lile lililoko upande wa kisiwani.

Zipo pia nyakati ambazo ramani haizijui. Mvua kubwa zikinyesha, eneo la Jangwani jijini Dar es Salaam limekuwa likifurika na kukata mawasiliano ya barabara ya Morogoro. Siku ya Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Zanzibar na Mombasa hufungwa kwa ajili ya sala, na mwezi wa Ramadhani saa za biashara hubadilika. Vijijini siku ya gulio ndiyo siku ambayo mwenye duka ana fedha, lakini pia ndiyo siku ambayo hana muda wa kuzungumza na mgeni.

Afisa aliyezoea eneo lake huyajua haya yote bila kuambiwa. Programu nzuri humwachia nafasi ya kubadilisha mfuatano, kisha humuuliza sababu kwa maneno machache. Baada ya miezi kadhaa sababu hizo huwa hazina ya maarifa ambayo afisa mpya atayarithi siku mwenzake atakapoondoka.

Kinachofanyika ndani ya duka

Afisa anapoingia dukani, simu humwonyesha historia ya mteja: alinunua nini mara ya mwisho, anadaiwa kiasi gani, na malalamiko gani hayajashughulikiwa. Kwa jambo hili peke yake ziara hubadilika sura. Mwenye duka aliyelalamika kuhusu katoni iliyolowa hulazimika kurudia hadithi hiyo kila mwezi pale ambapo hakuna kumbukumbu.

Kisha afisa huhesabu kilichobaki. Hesabu hiyo ndiyo roho ya ziara, kwa kuwa huonyesha kiasi walichonunua walaji, si kiasi alichouziwa mwenye duka.

Mfano wa duka moja unatosha kulieleza. Wiki iliyopita lilikutwa na katoni 6 za sabuni, likaletewa 10. Leo zimebaki 4. Maana yake ni kwamba katoni 12 zimeuzwa kwa wiki moja. Ikiwa ziara nyingine ni baada ya siku 7, na mwenye duka anataka akiba ya katoni 3, atahitaji 15. Kwa kuwa anazo 4, agizo linalofaa ni katoni 11.

Programu hufanya hesabu hiyo yenyewe na kupendekeza agizo. Pendekezo hilo humlinda mwenye duka dhidi ya tabia iliyozoeleka sana mwisho wa mwezi, ambapo afisa anayekimbizana na lengo la mauzo humjazia mzigo usioweza kutoka. Kampuni huandika mauzo makubwa mwezi huo, kisha mwezi unaofuata hushangaa kwa nini hakuna anayeagiza. Wakati huohuo bidhaa hukaribia kuisha muda wake wa matumizi kwenye rafu, na hasara humwangukia mwenye duka.

Pale ambapo agizo halikupatikana, programu humtaka afisa achague sababu: mwenye duka hakuwepo, hana fedha, bado ana akiba, au amepewa bei nzuri zaidi na kampuni nyingine. Maduka 30 yaliyokosa fedha na maduka 30 yaliyohamia kwa mshindani huonekana sawa kwenye karatasi ya mauzo, kwa sababu yote yana sifuri. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Katika maduka makubwa ya kujihudumia kazi huwa ya namna nyingine. Afisa hupiga picha ya rafu ili kuonyesha kama bidhaa imepangwa mahali palipokubaliwa, kama bei imebandikwa, na kama bidhaa zenye tarehe ya karibu zimewekwa mbele. Baadhi ya programu za sasa huweza kuitambua bidhaa kwenye picha na kuihesabu, ingawa mwanga hafifu na pakiti zilizofichwa nyuma bado huzipotosha.

Mtandao unapokatika

Programu inayotegemea intaneti kila dakika haifai kwa kazi hii. Zipo stoo zilizo chini ya ghorofa, masoko yenye mabati mazito na vijiji ambavyo mawimbi hupatikana juu ya kilima tu. Kwa hiyo programu inayofaa huhifadhi kila kitu ndani ya simu kwanza, kisha hukituma mtandao unapopatikana.

Utaratibu huo huleta matatizo mawili. La kwanza ni agizo kuingia mara mbili. Simu hutuma, mtandao hukatika kabla ya jibu kurudi, na simu hutuma tena. Ili kuzuia hali hiyo, kila agizo hupewa namba yake ya pekee likiwa bado kwenye simu. Kompyuta ya ofisi ikiona namba ileile mara ya pili, huiacha.

La pili ni maafisa wawili kuuza katoni zilezile za mwisho zilizoko ghalani, kila mmoja akiwa hana habari za mwenzake. Hapa hakuna muujiza. Kampuni huamua mapema ama kila afisa atengewe mgawo wake wa siku, ama mwenye duka aelezwe kwamba agizo litathibitishwa kwa ujumbe wa simu jioni. Kumwahidi mzigo usiokuwepo ndiko kunakomfukuza.

Ziara hewa

Kama walivyo wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara, ndivyo zilivyo ziara hewa katika taarifa za mauzo. Afisa huketi mahali pamoja, akajaza majina ya maduka 12, na jioni taarifa yake ikaonekana safi kuliko ya mwenzake aliyezunguka juani.

Madhara yake hayaishii kwenye posho iliyolipwa bure. Kampuni huamini kwamba maduka hayo yametembelewa na hayahitaji bidhaa, hivyo hupunguza mzigo wa eneo hilo. Mwenye duka anayesubiri hudhani ametelekezwa. Naye afisa mwaminifu, ambaye takwimu zake zina mapungufu ya kweli, huonekana mzembe.

Programu hupambana na tatizo hilo kwa kulinganisha mahali simu ilipo, saa ya kuingia na kutoka, na picha iliyopigwa papo hapo. Saa inayotumika inapaswa kuthibitishwa na kompyuta ya ofisi, kwa sababu saa ya simu huweza kurudishwa nyuma. Hata alama ya mahali huweza kughushiwa kwa programu nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kinga iliyo imara zaidi ni mwenye duka mwenyewe. Baada ya kila ziara hutumiwa ujumbe mfupi unaotaja agizo lake na fedha alizolipa. Hana haja ya simu ya kisasa, kwani ujumbe huo husomeka hata kwenye simu ya vitufe. Ikiwa hakuna aliyefika, atauliza. Ikiwa fedha alizotoa ni nyingi kuliko zilizoandikwa, atauliza haraka zaidi.

Hata hivyo, ulinzi ukizidi huzaa ubovu mwingine. Kampuni inayompima afisa kwa idadi ya ziara peke yake hupata idadi hiyo, lakini kila ziara huwa ya dakika 3. Afisa aliyetumia dakika 40 kumaliza ugomvi wa bidhaa zilizoharibika, na kwa kufanya hivyo akamrudisha mteja aliyekuwa akiondoka, huonekana mvivu kwenye jedwali. Meneja makini huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: ziara zilizotimia kati ya zilizopangwa, sehemu ya ziara zilizozaa agizo, aina za bidhaa katika kila agizo, na maduka yaliyokutwa bila bidhaa.

Ni muhimu pia pasiwepo makato ya mshahara yanayofanywa na kompyuta bila mtu kusikilizwa. Betri huisha, mawimbi hupotea, simu huibwa. Afisa anahitaji mahali pa kueleza, na msimamizi anayejua eneo hilo kwa miguu yake.

Mali kauli na fedha taslimu

Biashara nyingi za rejareja huendeshwa kwa mali kauli, yaani mzigo hutolewa leo na kulipwa baada ya kuuzwa. Katika daftari deni hilo hujulikana na watu wawili tu, na mmoja wao akihama kazi huzuka ubishi. Programu humwonyesha afisa deni lililopo kabla hajapokea agizo jipya, na huweza kuzuia mzigo mpya pale deni linapopita kiwango kilichokubaliwa.

Umuhimu wa kufuatilia madeni ulionekana wazi Kenya. Nakumatt, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za maduka ya kujihudumia Afrika Mashariki, ilifikia mwisho wake mwaka 2020 pale wadai walipopiga kura ya kuifilisi, huku wazalishaji na wasambazaji wengi wakibaki na madai. Rafu zinazozidi kuwa tupu na malipo yanayochelewa huonekana kwanza na afisa aliyesimama dukani. Swali ni kama kampuni imempa mahali pa kuandika alichokiona, na kama yupo anayekisoma.

Malipo ya simu yamepunguza hatari ya afisa kutembea na mamilioni mkobani. Yakiunganishwa na programu ya ziara, kila malipo huoanishwa na ankara yake, na ubishi wa nani alilipa nini humalizwa kwa namba ya muamala.

Sheria inamlinda pia mfanyakazi

Simu inayoonyesha duka huonyesha pia mtu. Isipozimwa, itaonyesha nyumbani kwake, hospitali anayokwenda na mahali anaposali. Hizo ni taarifa binafsi, na sheria za nchi za ukanda huu zinazitambua hivyo.

Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, mwaka ambao Uganda nayo ilitunga yake. Rwanda ilifuata mwaka 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa ujumla sheria hizi zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na mhusika aelezwe zinavyotumika.

Kwa vitendo, maana yake ni kurekodi mahali pa afisa anapoingia na kutoka dukani ndani ya saa za kazi, na kuacha kumfuatilia anapomaliza. Majina, namba za simu na madeni ya wenye maduka navyo vinahitaji ulinzi huohuo. Orodha ya wateja 5,000 pamoja na madeni yao ikivuja, itawaumiza watu ambao hawakuwahi kuiona programu hiyo.

Pa kuanzia

Kampuni ndogo haihitaji kununua mfumo mkubwa siku ya kwanza. Inaweza kuchagua eneo moja na maafisa watatu au wanne, ikahesabu maduka yake, na kuendesha ziara kwa miezi miwili huku karatasi zikiendelea kutumika kando. Tofauti kati ya karatasi na simu zitaonyesha makosa ya kila upande.

Gharama zake hazimo kwenye bei ya programu peke yake. Zipo simu na betri za akiba, vifurushi vya intaneti, matengenezo na mafunzo. Afisa anayelazimika kununua kifurushi kwa fedha zake ataizima intaneti, na hakuna haki ya kumlaumu.

Fomu nazo ziwe fupi. Kila swali linaloongezwa huchukua dakika kutoka kwenye mazungumzo na mteja. Swali ambalo jibu lake halijawahi kubadilisha uamuzi wowote ofisini linapaswa kufutwa.

Zaidi ya hayo yote, maafisa washirikishwe tangu mwanzo. Wao ndio wanaojua duka gani hufunguliwa saa 4, mama gani huagiza baada ya kikao cha kikoba, na mtaa gani haupitiki masika. Wakiona kwamba maarifa yao yameingia kwenye mfumo na kuwarahisishia kazi, wataujaza kwa ukweli. Wakiona umeletwa kuwanasa, watatafuta namna ya kuudanganya, na wataipata.

Mwenye duka, kwa upande wake, hana haja ya kujua jina la programu. Atapima kwa mambo machache tu: kama afisa amefika siku aliyoahidi, kama mzigo ulioletwa ni ule ulioagizwa, na kama fedha alizolipa zimeandikwa. Daftari, liwe la karatasi au la simu, lina thamani pale tu kilichoandikwa ndani yake kinapolingana na kilichoko kwenye rafu.